Afasia na Wadogo Zake

Magonjwa yangu yote yana majina yanayoanza na A. Hata kama ningeyachagua mwenyewe yasingepangika vizuri namna hiyo. Kuna afasia, kuna anomia, kuna aleksia, kuna agrafia na apraksia, na baadaye akaongezeka mmoja ambaye hakualikwa na mtu, anaitwa apathia. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza hapa Bariadi. Nimezoea kupokea watoto wa ukoo mmoja, wote pua moja, wote watundu, kwa hiyo na hawa niliwakalisha kwenye dawati moja na kuanza kuwachunga. Ndivyo nilivyopona, kwa kiasi nilichopona.

Naandika kwa sababu ya benchi. Nje ya chumba cha mazoezi ya viungo, pale hospitali ya mkoa, kuna benchi refu la mbao ambalo nimelikalia mpaka nalijua kila msumari. Hapo nimekutana na watu wengi wameleta baba au mama aliyepigwa na kiharusi, nao hunong'ona kwa aibu, "Mzee amechanganyikiwa, hasemi kitu cha maana." Mzee mwenyewe ameketi hapo hapo anawasikia, na machozi yanamlengalenga. Nami siku zile sikuwa na uwezo wa kusema, "Jamani, hajachanganyikiwa." Sasa ninao, basi nasema.

Mnivumilie kwa jambo moja. Sentensi moja hapa inaweza kunichukua muda wa maharage kuiva. Mume wangu, Maduhu, huniletea chai, akachungulia simu yangu na kuuliza, "Bado uko hapo hapo?" Namfukuza.

Ilikuwa mvua za kwanza, watu wanapanda pamba. Nilikuwa ubaoni naandika silabi, chaki ikaanguka. Nikainama niiokote, mkono wa kulia haukuja. Nikageuka niwaambie watoto watulie, kikatoka kitu kama uji unaotokota. Watoto wakacheka mpaka wakapiga madawati, maana wanajua Mwalimu Minza hupenda kuwachekesha. Lakini mimi nilijisikia mwenyewe na nikajua kwamba yale hayakuwa maneno. Niliogopa sijapata kuogopa hivyo maishani. Mwalimu wa chumba cha pili alikuja kuuliza kelele ni za nini, akaona mdomo wangu umekwenda upande, akatoka mbio kuita bajaji.

Kumbe nilikuwa na presha siku nyingi bila kujua, na mshipa kichwani ulikuwa umeziba. Mengine madaktari wanayajua. Ninachokumbuka mimi ni dari la wodi, na chai ikinitoka upande mmoja wa mdomo na kuingia shingoni, na aibu ya kuvalishwa nguo na wifi yangu, Nkwimba, kama mtoto. Mguu wa kulia ulikuwa mzito, mkono wa kulia ulikuwa wa mtu mwingine aliyelala karibu yangu. Nilikuwa nimesuka nywele wiki ile ile. Zilipoanza kulegea nikaonyesha kwa ishara zinyolewe zote, kwa sababu mwenye mkono mmoja hawezi kuhangaika na kichana. Nkwimba alininyoa huku analia. Nilipojiona kwenye kioo cha simu nikaona kichwa changu kina umbo zuri tu, na tangu siku hiyo sijasuka tena.

Walinipeleka Mwanza kupigwa picha ya kichwa, na ni huko majina ya A yalipoanza kutajwa. Daktari kijana alikaa pembeni ya kitanda, akamweleza Maduhu taratibu.

"Mzee, mama ana afasia. Utasikia tukitaja na mengine, usishtuke. Hiyo A inayotangulia mbele ya kila jina maana yake ni kukosa. Afasia, amekosa usemi. Anomia, majina ya vitu hayamjii. Aleksia, kusoma kumepotea. Agrafia, kuandika. Apraksia, mdomo una nguvu ila umesahau mpango wa kufanya kazi."

Maduhu ana mashine ya kusaga nafaka karibu na stendi. Kitu kikiharibika huuliza kwanza kilichobaki kizima. Akauliza, "Sasa daktari, kipi hajakosa?"

"Akili. Akili yake iko pale pale. Anasikia na anaelewa karibu kila kitu."

Maduhu akanigeukia. "Mama watoto, unasikia kila kitu?"

Nikaitika kwa kichwa.

Akafikiri kidogo. "Basi yale niliyosema jana juu ya kaka yako usiyashike."

Nilicheka kwa nusu ya uso, ndiyo nusu pekee iliyokuwa inacheka wakati huo. Lakini usiku huo wote nilikuwa na swali moja, kama nitafundisha tena, na niliendelea kuwa nalo mwaka mzima. Mwalimu wa darasa la kwanza kazi yake ni mdomo. Wa darasa la saba anaweza kuandika ubaoni akakaa, lakini watoto wangu hawajui kusoma, wengi hata Kiswahili hawakijui bado, wanatoka nyumbani na Kisukuma chao. Wanajifunza kwa kunitazama midomo. Sikutaka kingine chochote. Nilitaka kurudi darasani, na daktari alipoulizwa hilo alijibu tu kwamba tuanze mazoezi.

Tuliporudi Bariadi nikaanza kuwajua hawa ndugu mmoja mmoja. Afasia ndiye dada mkubwa, wengine wote wanamfuata yeye. Anomia ni mwizi: nataka kikombe, nasema kiatu, na Maduhu ananiletea kiatu. Aleksia alinifanya niitazame kalenda ya ukutani nikaona herufi zote nazijua sura, kama watu ninaokutana nao sokoni kila siku bila kujua majina yao. Agrafia aliichukua hata sahihi yangu. Apraksia ndiye mchekeshaji. Ukiniambia nitoe ulimi, napuliza. Ukiniambia nipulize, nafumba macho. Mambo haya yakikupata peke yako chumbani unalia. Ukiwa na mtu anayekupenda mbele yako mnacheka wote, na mimi nilibahatika kuwa na mtu huyo.

Sasa niwaeleze kisa cha salamu, maana nacho kilinifanya nijiahidi kuandika.

Kuna maneno ambayo kiharusi hakiyaondoi kirahisi. Yanajitoa yenyewe bila kutafutwa: sala, kuhesabu, matusi na salamu. Kwetu Wasukuma salamu ni ndefu, na raha yake ni kwamba karibu kila swali lina jibu moja tu, mhola, yaani salama, au mhola duhu, salama tu. Wakwe zangu walikuja kutoka kijijini kwao, Nkoma, kuniona mgonjwa. Mama mkwe akaingia, akaketi, akaanza na salamu ya asubuhi, akaniita mayu, yaani mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka," nikajibu, safi kabisa.

"Mhola?"

"Mhola duhu."

"Watoto shuleni?"

"Mhola."

"Mvua za huku?"

"Mhola duhu."

"Kwa mama yako, na ng'ombe?"

"Mhola."

Mama mkwe akamgeukia mwanawe kwa hasira. "Maduhu, wewe si ulisema huyu hawezi kuongea?"

"Hawezi, mayu."

"Mbona ananijibu yote?" Akanirudia mimi kwa upole. "Haya mwanangu, kichwa kinauma wapi? Ulianguka au ulikaa?"

Nikanyamaza. Si kwamba nilikataa. Nilitafuta neno lolote, nikakuta ghala tupu.

Akauliza tena, nikanyamaza tena. Akauliza kama nimekula, kimya. Akaniaga, nikaaga vizuri na baraka zote. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa.

Kwa akina Maduhu mwanamke akichukizwa hagombani na wakwe. Anawasalimia salamu nzima, hapunguzi hata neno, maana salamu ni heshima, halafu baada ya hapo hawapi maongezi. Ndiyo namna yake ya kuwaambia kuna jambo. Kila mtu katika nyumba ile analijua hilo, na mimi mwenyewe niliwahi kulitumia zamani, nikafanikiwa. Kwa hiyo mama mkwe hakuona ugonjwa. Aliona mkwe aliyesusa.

"Huyu hana shida ya mdomo," akawaambia wenzake. "Huyu ana neno moyoni. Kuna mtu amemkosea, na kama hatukulitoa atakufa nalo."

Maduhu alijaribu kueleza habari za A. Akawaambia afasia, akawaambia anomia. Kaka yake mkubwa akamkatisha, "Unatutajia majina ya kizungu ili tusiulize ulichomfanyia mke wako." Kikao kikaitishwa sebuleni kwetu, mimi nimeegemezwa kwenye mito katikati, wao wamenizunguka. Mama mkwe akasema aliyenikosea aseme mwenyewe, mgonjwa apone.

Halafu Nkwimba akaanza kulia.

"Wifi, lile sufuria lako kubwa nililosema liliibiwa msibani, ninalo mimi. Napikia pombe."

Nilishtuka, maana lile sufuria nililililia mwaka mzima. Lakini Nkwimba alikuwa ameninyoa, amenivalisha, amenisafisha, ningemdai sufuria kwa uso gani? Nikampa mkono wangu wa kushoto.

Kaka mkubwa akakohoa. "Yule mbuzi wako jike tuliyekuwa tunakufugia hakuliwa na fisi. Tulimla wakati wa palizi. Njaa ilikuwa kali."

Mama mkwe naye akainamisha kichwa. "Na mimi, mwanangu, ulipoolewa nilizunguka kwa majirani nikisema unapika mboga kama unaosha vyombo."

Hilo nilikuwa nalijua. Majirani walinieleza siku ile ile.

Kila aliyeungama alinitazama aone kama nimefunguka. Mimi nataka kucheka, nataka kulia, nataka kuwaambia si hilo jamani, si hilo, na hakuna kinachotoka. Basi wote wakamgeukia aliyebaki. Maduhu akasema hana kosa lolote. Kaka yake akanisogelea akaniuliza kwa sauti kubwa, kana kwamba nimekuwa kiziwi.

"Shemeji, ni huyu Maduhu aliyekukosea?"

Nikakusanya nguvu zangu zote niseme hapana. Nikasema, "Ndiyo."

"Ati?"

"Ndiyo! Ndiyo!" Huku natikisa kichwa kukataa, natikisa mpaka shingo inauma.

Nimeelezwa baadaye kwamba watu wa afasia tunabadilishana ndiyo na hapana mara nyingi sana. Wakati huo hakuna aliyejua. Kaka mkubwa akatoa hukumu. "Mnaona? Kichwa kinamficha mume, mdomo umesema kweli." Maduhu akatozwa jogoo, jogoo akachinjwa, na yeye akaamriwa aniombe msamaha mbele ya wote. Akapiga goti masikini, mtu mzima na ndevu zake.

"Mama watoto, nisamehe kwa kosa langu, lolote lile liwalo."

"Mhola duhu," nikamjibu.

Nyumba nzima ikashangilia. Jogoo alikuwa mtamu.

Nawasimulia hivi nikicheka, lakini siku zile ziliniumiza. Walikuwa wananipenda na hawakunielewa, na sikuwa na njia ya kuwaeleza. Kila mgeni aliyekuja alisalimia, alijibiwa, akaondoka akitangaza kwamba nimepona. Mwalimu mkuu wangu naye alikuja, akasalimia, akafurahi, akasema basi muhula ujao tutakuwa pamoja. Alipotoka nililia mpaka Maduhu akaacha mashine yake akaja kukaa nami.

Kilichotuokoa ni picha ya ng'ombe. Nilipangiwa kwenda Mwanza kwa mtaalamu wa tiba ya usemi, dada mmoja mpole mwenye kadi za picha kwenye kopo la biskuti. Mama mkwe akasema safari hii anakwenda mwenyewe akaone wanachonifanyia. Tulisubiri kwenye korido asubuhi nzima. Mama mkwe alisalimiana na benchi lote, akajua kila mgonjwa anatoka wapi. Tukaingia. Dada akatoa kadi, akaniuliza hii ni nini.

Alikuwa ng'ombe mweupe mwenye madoa, na pembe zake, na nundu yake. Nilimwona, nilimjua. Nimekua nyuma ya ng'ombe. Nikafungua mdomo.

"Ki... kijiko."

Mama mkwe alidhani natania. Dada akasubiri, akaniomba nijaribu tena.

"Kijiko," nikasema, na nikajua kwamba nimekosea, na nikaanza kutokwa machozi.

Mama mkwe akachukua ile kadi akaishika mbele ya macho yangu. "Mwanangu, ng'ombe huyu. Ng'ombe! Ulikuja kwetu kwa mahari ya ng'ombe!" Nikamtazama tu. Akaketi chini sakafuni, akajifunika uso kwa kanga. Msukuma anaweza kususa mume, anaweza kususa ukoo mzima, lakini hajapata kuonekana Msukuma aliyemsusa ng'ombe. Alipofunua uso alikuwa ameelewa yote kwa mara moja.

"Basi kweli anaumwa," akamwambia yule dada. "Nifundishe na mimi."

Akafundishwa. Asiniulize maswali marefu. Aniulize yale ya kuonyesha kwa kidole. Asinimalizie neno. Akirudi nyumbani awaambie wengine. Aliwaambia kwa ukali wa ajabu, na kaka mkubwa alimrudishia Maduhu jogoo mwingine mwenye afya kuliko wa kwanza.

Masika yote nilikuwa mtu wa benchi. Asubuhi vidonge vya presha, kisha mazoezi ya mguu, kisha mazoezi ya mdomo mbele ya kioo: pa, ta, ka. Nilianza kutembea kwa fimbo, nikaiacha fimbo. Neno la kwanza kurudi kwa kutafutwa lilikuwa "chumvi", na nililitumia kwenye kila mlo hata pale chumvi ilipotosha. Mwalimu mkuu alikuja tena, safari hii anajua. Akaniambia ukweli, namshukuru kwa hilo. Likizo ya ugonjwa ina mwisho wake. Shule zikifunguliwa Januari, afisa elimu atakuja kunitazama nikifundisha. Nikiweza, darasa ni langu. Nisipoweza, nitahamishiwa stoo ya vitabu au nitastaafishwa.

Ndipo yule asiyealikwa alipoingia. Mvua zilikatika, jua likawa jeupe, na mimi nikaacha kujali. Si huzuni. Huzuni angalau ina joto. Hii ilikuwa kukaa tu. Kioo kipo, sikitazami. Chakula kipo, nakula nikiwekewa mdomoni. Maduhu akinichekesha namwona anavyohangaika na siwezi hata kumwonea huruma. Mtaalamu wa Mwanza alisema kwa simu kwamba na hilo lina jina, apathia, na kwamba limewapata wengi baada ya kiharusi, si uvivu wala si laana. Daktari akaniongezea dawa. Sijui kama mtu wa Mungu anayesoma hapa yuko katika hali hiyo leo, lakini kama yuko nataka ajue kwamba iliniachia. Inaachia.

Mama mkwe hakuongeza dawa. Alinichukua tu, akanipeleka Nkoma, ilikuwa wakati wa kuvuna pamba. Kila siku alitandika turubai uani, akamwaga pamba, akaniketisha upande mmoja, yeye upande mwingine. Kazi ilikuwa kuchambua, nyeupe huku, chafu kule. Hakuniambia fanya. Hakuniambia sema. Kuchambua pamba hakuhitaji maneno wala mikono miwili. Siku za kwanza nilikaa tu. Baadaye mkono wa kushoto ukaanza wenyewe kutoa majani makavu, na baada ya muda nikajikuta nakasirika nikiona yeye ameweka chafu kwenye rundo langu la nyeupe. Hasira ile ilikuwa kitu cha kwanza nilichokihisi tangu mvua zikatike. Nilifurahi kukasirika.

Alikuwepo beberu mmoja wa jirani, mwizi sugu. Siku moja mama mkwe amekwenda kisimani, beberu akaja moja kwa moja akapanda juu ya rundo langu, rundo la siku tatu, akalalia. Nikasimama.

"Toka hapo, mbwa wee! Mwana haramu! Toka kwenye pamba yangu!"

Beberu alikimbia. Mimi nikabaki nimesimama mdomo wazi. Mama mkwe alikuwa anaingia uani, ndoo kichwani. Akaitua akanitazama.

"Umesema nini?"

Nikafikiri. "Mbu... mbuzi," nikasema. "Pamba yangu."

Alipiga vigelegele vilivyowatoa majirani wote ndani. Mama mzima, mcha Mungu, mwimba kwaya, akawa anawahadithia watu na matusi yake yote, neno kwa neno, kwa fahari kubwa. "Amemwita mwana haramu!" anawaambia. "Kwa sauti yake mwenyewe!" Nilicheka kwa uso mzima, maana upande wa kulia nao ulikuwa umeamka bila mimi kugundua.

Nilirudi Bariadi na njaa ya kazi. Miezi iliyobaki niliwabana wale ndugu mmoja mmoja. Aleksia nilimtoa kwa vitabu vyangu vya darasa la kwanza, herufi moja moja, kama nilivyokuwa nikiwafundisha wengine. Agrafia nilimwachia mkono wa kulia, nikahamia wa kushoto. Anomia hajatoka mpaka leo. Nikikwama kwenye neno, nalizunguka: kile cha kupepetea, yule anayechunga, pale tunaponunua sukari. Watu wenye subira hufika nami. Wasio na subira humalizia neno langu, mara nyingi siyo lile, halafu wanajibu swali ambalo sikuuliza.

Kwa wenzangu wa benchi nina maneno machache. Mgonjwa akikusalimia vizuri usirudi nyumbani ukasema kapona. Kaa, mwonyeshe kikombe, muulize ni nini. Akisema ndiyo, tazama na kichwa chake. Msiongee juu yake akiwa amekaa hapo. Na kama kuna sufuria la mtu mmelificha, rudisheni mapema.

Januari ikafika. Sikulala vizuri wiki nzima. Afisa elimu alikuwa mwanamume wa makamo, mtaratibu, akaketi nyuma kwenye dawati dogo magoti yamefika kidevuni. Mbele yangu walikuwa watoto wapya, siku zao za kwanza shuleni, macho yamewatoka. Somo lilikuwa vitu vya nyumbani. Nilikuwa nimevipanga mezani, kinu, jembe, kibuyu, ungo, nakiinua kimoja, natamka, wanaitikia. Kinu kikaenda. Jembe likaenda. Nilipoinua kibuyu, neno likaniponyoka. Nikasimama nacho hewani. Nikawaonyesha jinsi ya kusukasuka maziwa ndani yake, nikakitikisa, watoto wakacheka na kukitaja kwa Kisukuma, na kwa kukitaja kwao neno langu likarudi. Nikalisema, wakalirudia. Lakini nilimwona afisa akiandika, nikajua ameandika kile kimya. Nikasema moyoni, stoo ya vitabu.

Mwisho wa kipindi akasimama. Akamwonyesha kwa kidole binti mmoja wa safu ya mbele, mdogo kuliko wote, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi. "Wewe, leo mwalimu amekufundisha nini?"

Binti akasimama. Akatazama meza. "Kinu," akasema kwa sauti ndogo. "Na jembe. Na..." Akakwama, macho yamebaki kwenye kile kitu cha mwisho mezani. Midomo yake ikafunguka, ikafunga, ikafunguka. Wenzake wakaanza kunyoosha vidole, mwalimu mimi, mwalimu mimi. Nilimtazama usoni nikaona anachokipitia. Nilikijua kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Afisa, kwa wema wake, akainama kumsaidia.

"Na u..." akaanza kumtajia.

"Mwache," nikasema. "Analitafuta mwenyewe."

Maneno hayo yalitoka yenyewe, yote, bila mimi kuyaomba. Afisa akanitazama kwa mshangao, akainuka bila kumalizia. Nikawaonyesha watoto washushe mikono, wakashusha. Chumba kizima kikakaa kumsubiri mtoto mmoja. Ulikuwa muda mrefu. Nje mtu alipita na baiskeli, tukasikia mnyororo wake mpaka ukapotea, na binti bado anatafuta, na mimi sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

"Na ungo," akasema.

Darasa likalipuka kwa makofi. Mimi nilipiga meza kwa mkono wa kushoto. Afisa elimu aliitazama karatasi yake, akaikunja akaitia mfukoni.

"Haya, mwalimu," akasema. "Endelea na watoto wako."